Kabla hujauliza bei ya duboisi, uliza kavuliwa wapi

Wengi wanaomtaka Tropheus duboisi, samaki wa kufuga kwenye tanki la kioo, wamependa picha ya utotoni. Akiwa mdogo ni mweusi tii, vidoti vyeupe mwili mzima, mzuri kweli sikatai. Akikua vidoti vyote vinafutika, kichwa kinapiga bluu na mwilini anabaki na mkanda mmoja tu, na huo mkanda utakuwaje inategemea kwao ni wapi.

Ndo maana kwangu mimi swali la kwanza sio bei. Hawa ni ndugu wa perege na sato ila wapo Ziwa Tanganyika tu, wanashinda kwenye miamba karibu na ufukwe na hawathubutu kukatiza mchanga mrefu au kina kikubwa, kwa hiyo miaka na miaka kila kipande cha miamba kimejitengenezea rangi yake. Wa Maswa, kusini ya Kigoma, ana mkanda mpana wa njano, kuna wengine mkanda ni mwembamba na mweupe. Wakiwa wadogo wote wanafanana, sasa muuzaji asiyejua walikotoka anakuuzia nini hapo? Ukichanganya watazaana tu, halafu unabaki na watoto ambao hawana kwao.

La pili msosi, na hapa ndo wanapokufa. Duboisi anakwangua mwani kwenye mawe kutwa nzima, utumbo wake mrefu, ukimpa minyoo na vyakula vya protini nyingi kila siku tumbo linavimba, na likianza kwa mmoja mara nyingi wengine wanafuata. Mpe chakula cha spirulina, yaani cha aina ya mwani, kidogo kidogo.

Alafu kuna hii ya "nianze na wawili nione". Hapana aisee. Ukiweka wawili watatu mbabe anamfukuza mnyonge mpaka amuue, inatakiwa kundi, kumi na mbili na kuendelea ili ugomvi usambae, na kundi hilo linataka tanki la urefu wa mita 1.2 hivi au zaidi, upande hadi upande, na filta ya maana. Piga hesabu hiyo kwanza, na hujagusa habari ya umeme kukatika.

Maji je? Ziwa lile pH yake, yaani kipimo cha asidi ya maji, inacheza 8.6 mpaka 9.2 na maji ni magumu, yana madini mengi. Nasikia watu wa Dar wakisema kisima chetu kina chumvi basi kitawafaa, jamani chumvi ya kisima cha karibu na bahari sio madini ya Tanganyika, nunua kipimo upime pH na ugumu kabla hata ya kuulizia samaki.

Mwenye tanki dogo mimi ningemwambia amwache kabisa duboisi, atafute multifasciatus, samaki wengine wa ziwa hilohilo, wanafika sentimita nne tano tu na nyumba yao ni makombe ya konokono, unawamwagia makombe kwenye mchanga wanachimba na kupigania mipaka siku nzima.