Mwisho wa Brighton Rock umemwonea Rose

Watu wakianza kuizungumzia Brighton Rock, ile muvi ya 1947 ya ndugu wawili wa Boulting, John akiwa dairekta na Roy prodyuza, stori yote inakuwa Pinkie tu. Na sikatai aisee, Richard Attenborough alikuwa na miaka 23 tu na tayari alishaicheza hiyo nafasi jukwaani London 1943, kwahiyo jamaa alikuwa nayo kwenye damu, macho makavu, kauzi anakachezea vidoleni huku anawaza nani afuate. Ila mimi muvi hii naiangalia kwa ajili ya Rose, na kwa Rose ndo walipoboronga.

Kwa ambao hamjaiona (nawaharibia utamu, mnisamehe, ni muvi ya zamani): Pinkie ni dogo wa miaka 17 ana genge lake Brighton, mji wa ufukweni kusini mwa Uingereza, wanaishi kwa kamari za mbio za farasi. Wanamuua mtu wa gazeti aliyekuwa anaacha kadi za zawadi za gazeti lake hapa na pale mjini, halafu binti anayehudumu mgahawani, Rose, anajua kwamba aliyeacha kadi pale mezani siyo marehemu. Basi Pinkie anamtongoza na kumuoa, maana mke hawezi kumtolea mumewe ushahidi. Yeye maskini kapenda kweli.

Sasa siku ya ndoa Rose anaomba zawadi, Pinkie amrekodie sauti yake kwenye kibanda cha kurekodia santuri kule gatini. Dogo anaingia, anajifungia, anaanza kumwaga chuki kwamba unataka niseme nakupenda, ukweli ni kwamba nakuchukia, na muda wote huo Rose yuko nje ya kioo anamwangalia, hasikii kitu, anatabasamu. Carol Marsh pale hafanyi chochote cha ziada na bado unatamani kuzima.

Kwenye kitabu cha Graham Greene cha 1938, Pinkie keshakufa, Rose anatoka kuungama, anatembea kwenda kuisikiliza ile santuri, kitabu kinaishia hapo. Yaani sisi tunajua anachokifuata. Kwenye muvi, ambayo Greene mwenyewe aliiandika pamoja na Terence Rattigan, Rose anaiweka santuri mbele ya sista na sindano inakwama: nakupenda, nakupenda, nakupenda, kamera inasogea msalabani. Greene aliutetea huo mwisho, eti mwenye akili atajua siku moja sindano itavuka ule mkwaruzo. Haya, itavuka, lakini sisi tutakuwa tumeshatoka ukumbini!

Kinachonikera ni kwamba kila mtu kwenye hii stori anamwamulia huyu binti. Pinkie anamdanganya, Ida, yule mama anayefuatilia kifo cha mtu wa gazeti (Hermione Baddeley, kelele nyingi na kicheko kikubwa, nampenda kweli) anamkimbiza kumwokoa bila kumuuliza anataka nini, halafu mwishoni muvi yenyewe nayo inamdanganya, tena na msalaba juu kana kwamba ndiyo rehema. Angeusikia ukweli angalau ungekuwa wake, alie, avunje santuri, aendelee kumpenda hivyohivyo, ila achague mwenyewe.

Rowan Joffe alipoirudia 2010 nikasema hapa sasa watarekebisha, hakuna tena mambo ya kuogopa kuwaudhi watu wa zamani, kahamisha mpaka mwaka, stori ipo 1964 na vijana wa pikipiki. Santuri ikakwama palepale.