Msimwamuru Mfiwa Ashukuru

Hivi karibuni nilihudhuria msiba wa mtoto mdogo. Mama yake alikuwa amepakata sweta la marehemu, akilikunja mikono, akiikunjua, kisha akiikunja tena, huku akilia bila kujificha. Ndipo dada mmoja wa kanisani, mtu mwenye heshima zake, alipomwinamia na kumwambia kwa sauti iliyosikika na wote: “Nyamaza, mpendwa. Neno linasema tushukuru kwa kila jambo. Sema, asante Yesu.” Kisha akangoja. Mama yule akayatamka maneno hayo, na baadhi yetu tukaitika amina kana kwamba kazi kubwa imekwisha kufanyika.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na mstari wenyewe. Wathesalonike wa Kwanza 5:18 ni Neno la Mungu, nami naliamini lote. Ninachogombana nacho ni mazoea ya kuuchomoa mstari huo peke yake na kumwelekezea mtu aliyeumia. Mistari minne tu kabla yake, Paulo anawaagiza ndugu hao hao wawatie moyo walio dhaifu, wawatie nguvu wanyonge na wavumiliane na watu wote. Tena alikuwa akiliandikia kanisa changa lililokuwa likiteswa na watu wa taifa lake lenyewe, kanisa lililokuwa na huzuni juu ya wapendwa wake waliolala mauti. Katika sura ya nne anawaeleza habari za ufufuo ili wasihuzunike kama watu wasio na matumaini; hakuwakataza kuhuzunika. Mtume aliyekubali kutumia theluthi ya sura kuwafariji wafiwa ndiye tunayemgeuza kuwa askari wa kuzuia machozi.

Wala si Paulo peke yake. Fungueni Injili ya Yohana, sura ya 11, mkasome taratibu bila kukimbilia muujiza. Yesu anafika Bethania, Lazaro akiwa ndani ya kaburi kwa siku ya nne. Martha anamwambia waziwazi kwamba kama angalikuwapo ndugu yake asingalikufa. Mariamu naye anamwambia maneno yale yale, na katika maneno hayo mna lawama, hata kama tumezoea kuyasoma kwa sauti ya upole. Bwana hamkemei yeyote kati yao. Katika mstari wa 35 analia, ingawa anajua vizuri kile anachokwenda kufanya. Ni katika mstari wa 41, jiwe likiwa limekwisha kuondolewa, ndipo anapoinua macho na kusema, “Baba, nakushukuru.” Machozi na shukrani vimetoka kwa mtu mmoja, mahali pamoja, siku ile ile, na hakuna aliyemsukuma aharakishe kutoka kimoja kwenda kingine. Sasa sisi tumepata wapi mamlaka ya kumpa mfiwa dakika chache alizostahimiliwa, kisha kumdai asante mbele ya watu?

Najua mtanitajia Ayubu, maana hakuna msiba ambao sura yake ya kwanza haisomwi: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Vema. Lakini maneno hayo aliyasema Ayubu mwenyewe, baada ya kurarua joho lake, wala hakuyarudia kwa kuamriwa na jirani. Na wanaoipenda sura ya kwanza wangefanya hisani kuendelea hadi ya tatu, anapoilaani siku aliyozaliwa. Mwishoni kabisa mwa kitabu, Mungu anawakasirikia wale rafiki watatu waliokuwa na majibu safi ya kidini, na anasema kwamba aliyenena yaliyo sawa juu yake ni Ayubu.

Ninakubali, japo kwa shingo upande, kwamba kunung’unika nako ni dhambi, na kwamba wapo waliofanya malalamiko kuwa ndiyo ibada yao. Israeli walikula mana na bado wakaililia Misri. Kati ya wakoma kumi, ni mmoja tu aliyerudi. Nimekutana pia na wagonjwa waliomshukuru Mungu kitandani bila kuigiza, na imani yao ilinifunga mdomo. Hata hivyo, hakuna kati yao aliyefundishwa shukrani hiyo kwa kuaibishwa, na mara nyingi ndio hao hao waliokuwa wepesi wa kumwacha mwenzao alie.

Nina jambo moja la kuwaomba wachungaji na wazee wa kanisa. Kipindi cha shuhuda kimekuwa cha waliopata peke yao: aliyepona, aliyepata kazi, aliyejaliwa mtoto. Mpeni kipaza sauti na yule ambaye bado hajajibiwa, asimame aseme kwamba ameomba, hajapata, ameumia, naye bado anaomba. Zaburi ya 88 inamalizika gizani bila neno la kufariji, na bado waliotutangulia waliiweka katika kitabu cha kuimbia. Tukishindwa kumwitikia mtu huyo amina kwa sauti ile ile tunayompa aliyepona, basi tuache pia kuitika “kila wakati” pale mhubiri anapotangaza kwamba Mungu ni mwema.