Nyuki wa Dodoma: tulime bustani za maua au tulee visiki?

Kikundi cha mtaa au cha kijiji kinachotaka kurudisha nyuki, vipepeo na wachavushaji wengine Dodoma kina njia mbili. Ya kwanza ni kulima bustani ya maua, na hupendwa kwa sababu inaonekana. Ya pili ni kulea machipukizi ya miti iliyokatwa, yaani Kisiki Hai, ambayo mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit yanaieneza mkoani humu tangu 2018.

Bustani nyingi hufa kwa kukosa maji. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Baada ya hapo ni jua na upepo. Eneo la mita 10 kwa 10 linataka walau milimita 4 kwa siku, yaani lita 400: madumu 20 ya lita 20, kila siku, hadi mvua irudi. Mtaa unaonunua maji kwa dumu hauyamudu. Ukipunguza, maua huenda yakatoka, ila nekta, maji matamu ya ua anayoyafuata nyuki, inakuwa haba. Na wengi hupanda bogonvilia, inayopendeza macho yetu kuliko inavyomlisha nyuki.

Hata hivyo bustani ndogo ina kazi yake. Penye maji yanayomwagika bure, kama kwenye bomba la shule au kisima cha kijiji, kitalu cha mita 2 kwa 5 kinaishi kwa madumu mawili kwa siku. Panda kivumbasha na mrehani, ukate vichwa vilivyokwisha kuchanua ili mimea ichipue tena. Mwenye matikiti au maboga jirani atanufaika, maana ua jike lisilofikishiwa chavua huanguka, na lililopata kidogo huzaa tunda lililopinda. Mwenye mtama hatapata tofauti yoyote, maana mtama hauhitaji nyuki ili uzae.

Kisiki hakidai ndoo hata moja, kwa kuwa mizizi yake iko chini tayari. Chagua kilicho hai, acha machipukizi mawili hadi matano yaliyonyooka, kata mengine, pogoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu, funga kitambaa ili mlimaji asikifyeke. Rudia kila baada ya miezi michache. Baadhi ya migunga huchanua kiangazi, wakati ambapo bustani isiyomwagiliwa imeshakauka.

Lakini wanaokipinga hawabishi bure. Maua huchukua miaka kuja. Wakulima wa mtama wanalalamika kwamba miti inawapa kwelea kwelea mahali pa kutua. Mbuzi wanaoachiwa mabua baada ya mavuno hutafuna machipukizi laini, na anayekodi shamba kwa msimu mmoja hana sababu ya kulea mti utakaoishia kuwa mkaa wa mwenye shamba.

Kwa maoni yetu kisiki kitangulie, bustani ibaki penye maji ya ziada. Mizinga isubiri: nyuki wa asali, wale wanaouma, wakiletwa kabla ya malisho huhama, au hugombania maua machache na nyuki wa porini. Tena wengi wa hao wa porini hutaga ardhini, hivyo ukanda wa mita moja mpakani usiolimwa wala kufagiliwa unawasaidia kuliko bango lolote la mradi. Huo hata mpangaji anaweza kuuacha. Dawa ya kunyunyizia ipigwe jioni, nyuki wakisharudi. Mbuzi ndio watahitaji sheria ndogo ya kijiji, na hiyo ipitishwe kabla ya mavuno, mifugo ikiwa bado haijaingia mashambani.