Mwenye Ruta Aachiwe Ruta Yake

Kati ya vifaa vyote vya intaneti isiyotumia waya, ninachokipenda zaidi ni WRT54G, ruta (kifaa cha kusambazia intaneti nyumbani) ya bluu na nyeusi ambayo kampuni ya Linksys ilianza kuiuza mwishoni mwa mwaka 2002. Naipenda kwa sababu historia yake inaonyesha wazi kwa nini anayenunua ruta anastahili kuruhusiwa kubadilisha programu inayoiendesha.

Wapenzi wa programu huria walioichunguza mwaka 2003 waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na Linux, programu endeshi ambayo hutolewa kwa leseni ya GPL: yeyote yuko huru kuitumia, kuirekebisha na hata kuiuza, ila anayeisambaza sharti awape wapokeaji msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya programu jinsi yalivyoandikwa na watengenezaji wake. Msimbo huo haukuwa umetolewa. Kampuni ya Cisco, iliyoinunua Linksys mwaka huohuo, ilibanwa hadi ikauweka hadharani, na hapo ndipo uhondo ulipoanza. Mwaka 2004 mradi wa OpenWrt, wa kuandika programu huria za ruta, ulizaliwa kutokana na msimbo huo, na ruta ya kawaida ya nyumbani ikaanza kufanya kazi zilizozoeleka kwenye mitambo ya bei kubwa: kugawa kasi kwa haki baina ya watumiaji, kupitisha mawasiliano yaliyosimbwa, kuunganishwa na ruta nyingine bila waya. Watu wakainunua kwa ajili ya programu ambazo kampuni haikumlipa mtu yeyote kuziandika. Leseni ambayo wakuu wengi wa kampuni huiona kuwa mzigo iliifanyia Cisco hisani kubwa.

Ajabu ni kwamba mwaka 2005 toleo jipya la WRT54G lilikuja likiwa na kumbukumbu iliyopunguzwa kwa nusu, na Linux ikaondolewa. Wateja walilalamika, na kampuni ikatoa WRT54GL, yenye Linux, ambayo iliendelea kuuzwa kwa zaidi ya miaka 10. Sijui ushahidi gani mwingine wa soko ungehitajika.

Wanaopinga uhuru huu wana hoja moja nzito, nayo ni masafa ya redio. Mtu akiongeza nguvu ya mawimbi kupita kiasi kinachoruhusiwa, anawavuruga wengine. Ndiyo maana tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilibana kanuni zake, na baadhi ya watengenezaji wakaona njia rahisi ni kufunga kifaa kizima. Kampuni ya ruta ya TP-Link ilipofikia makubaliano na tume hiyo mwaka 2016, ilikubali kulipa dola 200,000 kwa makosa ya viwango vya nguvu, lakini pia iliahidi kushirikiana na watengenezaji wa programu huria. Naona huo ni uamuzi wa busara: redio ifungwe pale sheria inapotaka, na sehemu nyingine zote ziachwe wazi.

Uwazi huo una umuhimu mkubwa zaidi pale kampuni inapoacha kutoa masasisho ya usalama ilhali ruta ingali nzima. Ikiwa imefungwa, mwenyewe hana budi kuitupa au kuishi na matundu yanayojulikana na kila mdukuzi. Ikiwa wazi, wanajamii huyaziba. Kampuni isiyotaka tena kuihudumia ruta yake iwakabidhi funguo walio tayari kuihudumia, na sheria za kuwalinda walaji ziilazimishe kufanya hivyo.