Mama Mkwe Ametalii, Mimi Nimechoka

Watu wanaoishi mbali na Nakuru hudhani kwamba sisi wakazi wake huamka kila asubuhi tukanywa chai huku tukiwatazama faru. Nimeishi hapa miaka kumi na tisa, na faru nimewaona mara tatu tu, zote kwa sababu ya wageni, na katika zote tatu mlipaji nilikuwa mimi. Mgeni akishuka stendi, hata kabla hajauliza hali ya watoto, huuliza Hifadhi ya Ziwa Nakuru iko upande gani. Sijapata mgeni wa kuuliza kodi ya nyumba hulipwa tarehe ngapi.

Agosti iliyopita mgeni alikuwa mama mkwe, na kwetu Waluhya mama mkwe si mgeni wa kuchezewa: huketi naye kiti kimoja, huli mbele yake, wala humkazii macho ukiwa na haya zako timamu. Nilimweleza mke wangu kwamba desturi hizo na utalii haviwezi kuingia katika gari moja. Alinijibu kwamba mama yake amelea watoto wanane bila kuvuka Chavakali isipokuwa kwenda matangani, na kwamba Wazungu hupanda ndege kuja kuona vitu ambavyo sisi huvipita tukienda kununua mkaa. Mwanamume akishaambiwa hivyo hana la kufanya ila kutafuta gari la kukodi. Nilipata la viti saba, likatutosha barabara: dereva, mimi kando yake, mke wangu na watoto watatu katikati wakiwa kama ukuta, na mama mkwe nyuma kabisa, karibu na akiba ya chapati.

Tulianza na hifadhi. Getini, ili ulipe kiwango cha mwananchi, sharti utoe kitambulisho, na cha mama mkwe kilikuwa ndani ya fundo la leso, nalo fundo lenyewe lilikuwa ndani ya fundo jingine. Magari yalipiga honi nyuma yetu nami nikawa natazama mbele kama sanamu, kwa kuwa fundo la mama mkwe si jambo la kusaidia. Tuliona twiga, nyati na faru wawili, kisha tukapanda hadi kwenye genge la nyani ambako ziwa zima huonekana. Hapo sauti ikatoka nyuma: "Mwambie mkwe wangu, wale ndege wa pinki wa kwenye kalenda wako wapi?"

Mke wangu akanigeukia na kunirudia maneno hayo moja moja kama mkalimani wa mahakama. Ilinibidi nieleze, kwa njia hiyo hiyo ya mkalimani, kwamba kwa miaka mingi sasa ziwa limekuwa likipanda hadi likalimeza hata lango kuu la zamani, kwamba maji mengi yalipunguza ukali wa magadi, kwamba mwani ambao ndio chakula cha flamingo ukapungua, na kwamba wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria. Kimya kikapita. Kisha: "Mwambie mkwe wangu angeniambia kabla hajalipa."

Kesho yake tulishika njia ya Kisumu. Nilikuwa nimekata shauri kwamba ikiwa ni lazima nimrudishe mama mkwe kwake Kakamega, heri nimrudishe kwa mzunguko, nihesabiwe safari mbili kwa gharama ya moja. Dereva alikuwa amekielekeza kioo chake nyuma kwa namna iliyonionyesha kilemba cha mama mkwe kila nilipoinua macho, basi kutoka Salgaa hadi Mau Summit nilisoma maandishi ya malori yote yaliyokuwa mbele yetu. Kericho tulipokewa na mvua ya mawe, watoto wakavaa sweta mbili mbili, na tulipoteremka Awasi joto likawavua zote na kunirundikia mimi mapajani. Mashamba ya mpunga ya Ahero niliyaona kwa jicho moja juu ya rundo hilo.

Jioni tulikwenda Dunga, ufukweni Kisumu, kula samaki. Mhudumu alituandalia meza moja ya watu saba, nami nikamnong'oneza kwamba nahitaji meza yangu peke yangu. Iliyokuwepo ilikuwa nyuma ya nguzo, kando ya mahali pa kunawia mikono, nayo ilielekea ukuta. Bila shaka mhudumu alidhani nimefukuzwa na familia, maana aliniletea mchuzi wa ziada ambao sikuuagiza na akanigusa bega. Nilikula ngege mzima wa kukaanga huku Ziwa Victoria lote likiwa mgongoni mwangu. Nilisikia mitumbwi ikirudi na wanangu wakipiga kelele, "Baba, jua limekuwa jekundu!" Mimi machweo hayo niliyaona yakipanda taratibu juu ya chokaa ya ukuta, kutoka manjano hadi rangi ya pilipili iliyoiva, na lazima nikiri kwamba sijawahi kuona ukuta mzuri kama ule, wala kula samaki kama yule.

Asubuhi kijana wangu mkubwa, ambaye huipenda historia kuliko hisabati, alitueleza kwamba reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 mahali hapo paliitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Tangu hapo mke wangu huniuliza nimeipa nini jina lake. Nilijitolea genge letu la mboga, hakuridhika.

Maseno tulisimama kwenye mstari wa ikweta, mama mkwe akauliza mstari wenyewe uko wapi, tukaondoka. Tulipitia Luanda na Majengo hadi Ilesi, kwenye jiwe linalolia, lile lenye kichwa na shingo ambalo maji hutiririka juu yake. Mama mkwe amelipita tangu akiwa msichana, mara nyingi akiwa na kuni kichwani. Safari hii alishuka, akajitanda leso upya, akasimama wima. "Mwambie mkwe wangu anipige picha na jiwe. Lakini asinitazame."

Nilielekeza simu huko na uso huku. Picha ina jiwe zima, nusu ya kilemba na mbuzi wa watu.

Ameisafishisha, akaitundika sebuleni. Jana alimpigia simu mke wangu: mwambie mkwe wangu kwamba Desemba nataka kuwaona flamingo huko walikohamia, tena nimesikia Bogoria kuna chemchemi za moto ambazo watu huchemshia mayai, kwa hiyo kuku wangu nimeacha kuuza mayai yao. Gari nimekwisha kuliulizia bei. Kilichobaki ni kujua kama pale chemchemini kuna nguzo.