Kitanzi cha Hadharani na Kitanzi cha Gizani

Tyburn ilikuwa nje kidogo ya London ya zamani, karibu na lilipo tao la Marble Arch leo, na kwa karne kadhaa watu walinyongwa pale mchana kweupe. Mwaka 1571 palisimamishwa mti wa miguu mitatu ulioweza kunyonga watu 24 kwa mara moja. Mfungwa alitolewa gereza la Newgate kwa mkokoteni, akapitishwa mitaani kiasi cha kilomita tano huku akizomewa au kushangiliwa. Kisha mkokoteni ukaondolewa chini yake, akabaki akining'inia.

Watetezi wa kunyonga hadharani walidai kwamba woga hufunza. Hoja hiyo inavutia ukiisikia, ila wezi wa mifukoni walichuma katika umati uleule uliokuja kumtazama mwizi akifa. Mkazi wa Kisumu hahitaji ushahidi wa London. Juzi pale soko la Kibuye kijana aliyenaswa na simu ya wenyewe alikuwa akipigwa, na mama muuza omena aliyesimama kando yangu akitazama akapapasa kibeti chake, akakuta hakipo.

Hata hivyo, siwakubalii moja kwa moja wanaosema kwamba kuficha kitanzi ni ustaarabu. Unyongaji ulihamishwa kutoka Tyburn mwaka 1783 ukapelekwa mbele ya Newgate, na mwaka 1868 sheria ya Uingereza ikauingiza ndani ya kuta za gereza. Kuta hizo sisi Wakenya tulizirithi. Pale Tyburn jamaa waliweza kumvuta ndugu yao miguu ili afe upesi, tena wakapigana na watu wa madaktari waliotaka maiti ya kupasua. Ni unyama, lakini walikuwa na mwili wa kugombania. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na familia yake imelitafuta kaburi kwa miongo. Kwa Wajaluo, ambao husafirisha maiti kutoka Mombasa hadi dala, yaani boma la nyumbani, hata kwa mchango wa majirani, kuzikiwa mtu wako gerezani ni adhabu anayopewa mama asiyeshtakiwa.

Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, Hezekiah Ochuka aliponyongwa Kamiti kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, si hukumu yenyewe. Bunge likiona ibaki, basi angalau litamke waziwazi kwamba mwili wa aliyenyongwa ni mali ya jamaa zake.