Niko Birr, Ireland, lakini Bagamoyo inaniuma

Mji ninaoishi sasa ni mdogo, wa mashambani, kaunti ya Offaly katikati ya Ireland. Kuta zake za zamani ni mawe na chokaa, kama zetu za Bagamoyo. Za huku zinasimama, zetu zinaanguka. Kwa nini?

Jibu la haraka ni pesa. Pesa ipo, sikatai: mtu anayefufua nyumba iliyokaa tupu anaweza kupata ruzuku ya serikali hadi yuro 50,000. Lakini naona kinachoyabeba zaidi majengo haya ni kutumiwa. Nyumba ya watawa iliyosanifiwa na Pugin, yule aliyebuni mapambo ya ndani ya Bunge la London, leo ni maktaba. Ngome ya mji ina wenyewe, ukoo wa Parsons, tangu 1620, na kwenye bustani yao bado ipo darubini ya kutazamia nyota ya 1845, iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani hadi 1917. Mtaa wa Oxmantown Mall una nyumba za enzi za wafalme wa Uingereza akina George, kila mlango na kioo chake cha nusu duara juu, na watu wanaishi humo. Tena sheria ya mwaka 2000 ina meno: jengo lililoorodheshwa kuwa la kulindwa ukiliacha lioze, halmashauri inaweza kukuamuru ulikarabati.

Birr nako si peponi. Kama miji mingi ya Ireland, ghorofa za juu ya maduka nyingi ziko tupu.

Sisi tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964. Ila nenda Mtaa wa India: nyumba ni ya warithi, kila mmoja anamsubiri mwenzake, mvua zinaingia, boriti zinaoza. Akipatikana wa kukarabati, fundi anapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe. Ukuta wa chokaa unataka kupumua. Saruji inafungia unyevu na chumvi ndani, na lipu ikibanduka inaondoka na vipande vya matumbawe vimeganda mgongoni mwake. Hasara hiyo waliipata hata huku, wakarudia chokaa.

Ombi langu kwa halmashauri yetu: wakalisheni warithi mezani, nyumba zipangishwe kwa mikataba mirefu kwa watakaoishi au kufanya biashara humo, na vijana wafundishwe kuchoma na kupiga chokaa wakati wazee wanaoijua kazi hiyo bado wapo.